Kidole cha Kuazima

Ulimwona. Usiniambie hukumwona.

Ulikuwa nyuma yake kwenye foleni, mbele ya ghala la ushirika, siku ya kusajili wakulima. Uliona mama yule akiweka kidole kwenye mashine. Uliona mashine ikikataa. Uliona mwanamume akija na kidole chake, akakiweka mahali pa kidole cha mama. Wewe ulifanya nini? Uliinama ukajitia kufunga kamba za viatu. Na viatu vyako, nakumbuka vizuri, havikuwa na kamba.

Mimi sisahau. Nakumbuka mwaka tulioambiwa tung'oe mihogo tupande pamba. Tuling'oa. Pamba ikaozea ghalani, na waliotuambia hawakuja hata kuinusa. Nakumbuka mwaka wa mbegu zilizotoa majani marefu bila punje hata moja. Kila mwaka kulikuwa na mtu aliyeona mapema. Kila mwaka mtu huyo alisema, "Si langu hilo."

Haya. Kaa chini usome habari za Mama Pacha. Usiruke ukurasa.

Mama Pacha ana mume, ana watoto pacha wa kike, na ana mashamba mawili. La kwanza liko mlimani. Hilo ni mawe na majani makavu, linatoa mahindi kwa kinyongo. La pili liko bondeni, karibu na kijito. Udongo wake ni mweusi. Ukiushika, unaacha unyevu kiganjani. Nyumba ile inakula kwa shamba la bondeni. Shamba la mlimani linawapa kuni na maumivu ya mgongo.

Asubuhi Mama Pacha huwasha moto na kukoroga uji. Pacha hugombania kitana kimoja. Mume wake hukaa kwenye kigoda, redio sikioni. Hata watu wamempa jina hilo, wanamwita Redio.

"Wanasema bei ya mafuta imepanda," husema Redio.

"Na maji je? Wanasema yatatoka wapi? Mtungi ni mtupu."

"Hilo hawajalitangaza, mama watoto."

"Basi zima hicho kidude, ukachote."

Naye huzima, akaenda kuchota. Si mtu mbaya. Maneno yake ni mengi kuliko kazi yake, lakini si mtu mbaya.

Mvua ikinyesha, Mama Pacha hulima. Mavuno yakija, hupukuchua mahindi kwa mikono. Kiangazi kikiingia, huenda machimboni kuponda kokoto. Hukaa chini, miguu ameinyoosha. Hushika jiwe kwa vidole vya mkono wa kushoto na kulipiga nyundo kwa mkono wa kulia. Jiwe likipasuka, hushika jingine. Vumbi la mawe hula ngozi. Mpini wa jembe hula ngozi. Miaka imepita hivyo. Vidole vyake vimesagika, vinang'aa kama kijiko kilichosuguliwa kwa mchanga.

Basi ikaja habari ya ruzuku. Ruzuku ni fedha ambayo serikali humpa mkulima ili anunue mbegu na mbolea. Si mkopo. Si zawadi ya mbunge. Ni haki ya mkulima, inatoka katika kodi tunayolipa kila tunaponunua sabuni na chumvi. Pale kwao, fedha hiyo hutolewa ghalani, na wakala mwenye mashine ndogo. Mashine haikuulizi jina. Inataka kidole. Ngozi ya kidole ina mistari, na mistari ya mtu mmoja hailingani na ya mwingine. Mashine inaitambua mistari yako, ndipo unalipwa.

Siku ya usajili, Mama Pacha aliweka dole gumba.

"Futa mkono, mama," alisema karani.

Akafuta kwa kanga. Akaweka tena.

"Haisomi."

"Haisomi nini?"

"Vidole vyako havina mistari."

Foleni ikacheka. Mtu mmoja akapaza sauti, "Huyo hata akiiba hakamatwi!" Wakazidi kucheka. Karani akajaribu kidole cha shahada. Mashine ikakataa. Karani akaitazama foleni jinsi ilivyokuwa ndefu, akapiga miayo. Vidole vingine hakuvijaribu.

Hapo ndipo alipojitokeza mwenye duka la mbegu na mbolea. Jina lake halisi wengi wamelisahau. Anaitwa Mikono Laini, kwa sababu ukipeana naye mkono ni kama umeshika unga. Ana gari dogo la mizigo. Mgonjwa akizidiwa, gari hilo ndilo linalompeleka zahanati. Msiba ukitokea, yeye ndiye anayeleta turubai. Mtu mwema kabisa. Ukitaka kumla ng'ombe, kwanza unamlisha.

"Mnamtesa mama wa watu juani," alisema. "Karani, chukua kidole changu, mama apite. Sisi ni majirani."

"Inaruhusiwa kweli?" Mama Pacha aliuliza.

"Mama Pacha, sisi chumvi tunaazimana. Jembe tunaazimana. Ng'ombe wa kulimia tunaazimana. Kidole tu ndicho kimekuwa haramu? Kidole kimoja hakivunji chawa!"

Watu wakacheka tena. Karani akatikisa kichwa kukubali. Mikono Laini akaweka kidole. Mashine ikawaka taa ya kijani.

Mama Pacha akasema, "Asante sana, jirani."

Alisema asante. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Kosa liko hapo, usilipite haraka. Watu wa pale wanaishi kwa kuazimana. Jirani akikupa kitu chake ukakikataa, umemtukana. Sasa fikiri. Ukiazima jembe, kazi unafanya wewe, na mavuno ni yako. Ukiazima kidole, mlango anaufungua mwenye kidole. Mashine ile haimjui Mama Pacha. Inamjua Mikono Laini, aliyevishwa jina la Mama Pacha.

Wala hakuwa yeye peke yake. Waponda kokoto walikataliwa. Wafyatua matofali walikataliwa. Wachoma chokaa, wazee, wafuaji wa nguo za watu, wote walikataliwa. Mikono Laini akawaazima vidole mmoja baada ya mwingine. Vidole vyake kumi vilipokwisha, akamleta mkewe, kisha akaleta shemeji zake. Ukoo mzima wa mikono laini. Na wewe ulikuwa pale na kamba zako za viatu.

Msimu wa kwanza, Mikono Laini alimwita Mama Pacha. Wakaenda pamoja ghalani, akaweka kidole, fedha ikatoka yote, akampa yote. Hakutaka hata soda. Ndoana haiendi bila chambo.

Msimu wa pili alisema, "Mama, usisumbuke kusimama juani. Nitachukua mimi, nikuletee mbolea nyumbani." Akaleta mifuko miwili. Mmoja ulikuwa umefunguliwa, na mbolea imeganda kama jiwe.

Msimu wa tatu alileta mfuko mmoja.

Msimu wa nne hakuleta kitu. Mvua ilikuwa inakaribia. Mama Pacha na mumewe wakamfuata dukani.

"Serikali haijatoa," alisema Mikono Laini. Alikuwa anapima mbegu, hakuinua uso.

"Redio imesema imetoa," alisema mume.

"Redio haina njaa, bwana. Itasema lolote." Akaweka kijiko chini. Sauti yake ikawa ya upole. "Sikilizeni, ndugu zangu. Hamna mbegu. Hamna mbolea. Nipeni shamba la bondeni msimu huu, nililime mimi. Mavuno yakija, nitawapa magunia ya kula. Mwakani mnalichukua shamba lenu."

"Na tukikataa?" aliuliza Mama Pacha.

"Mtakataa na nini?"

Wakaondoka kurudi nyumbani. Njiani walipita shamba la mfyatua matofali mmoja, naye ni wa kidole cha kuazima. Yeye alikubali kumpa Mikono Laini shamba lake kwa msimu mmoja. Msimu huo haujaisha mpaka leo. Mfyatua matofali sasa ni kibarua, anapalilia shamba lake mwenyewe kwa ujira.

"Umeona?" alisema Mama Pacha.

"Nimeona," alisema mumewe. "Hatumpi. Kesho nakuja nawe machimboni. Tukiponda wawili, tutapata mbegu."

"Wewe? Kwenye mawe?"

"Mimi. Redio nitaiacha na pacha."

Alikwenda. Watu wakamtania. "Redio, leo mawimbi yamepotea?" Naye akawajibu, "Leo natangaza moja kwa moja kutoka uwanjani!" Alikuwa bado anawageukia wenzake, anacheka, wakati nyundo inashuka. Kipande cha jiwe kikaruka. Kikaingia jicho la kushoto.

Pale machimboni hakuna miwani ya kukinga macho. Hakuna aliyewahi kuileta. Wanaonunua kokoto hununua kokoto, hawanunui macho.

Zahanati waliwaambia wamechelewa. Fedha yote ya mawe ikaishia kwenye dawa na kitambaa cha kufunga jicho. Jicho likafa. Mbegu haikununuliwa.

"Usilie, mama watoto," alisema mume. "Lililobaki ndilo lililokuwa linakuona vizuri."

Mama Pacha hakucheka. Wala mume mwenyewe hakucheka. Redio ikakaa juu ya kabati, kimya.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Asubuhi moja Mama Pacha akaweka sufuria chini na kusema, "Leo nakwenda kwa Mikono Laini. Achukue bondeni. Watoto wale."

Mume wake aliutazama ukuta kwa jicho moja.

Pikipiki ikasimama nje.

"Hodi!"

Alikuwa afisa wa kilimo, mwanamke asiye na subira, matope mpaka magotini. Watu humwita Bibi Shamba. Alikuwa anazunguka kuona nani ameandaa shamba na nani bado.

"Karibu, Bibi Shamba. Kaa upande huu, mguu wa pili wa kiti umelegea."

"Sikai. Mama Pacha, nimepita bondeni. Shamba zuri kama lile mbona halijaguswa?"

"Kwa mbegu gani?"

"Si umechukua ruzuku? Nimetoka ghalani sasa hivi. Mashine inaonyesha umelipwa."

Hata pacha waliacha kugombania kitana.

"Nani amelipwa?"

"Wewe. Misimu yote umelipwa, na huu pia."

"Mimi?" Mama Pacha akamwonyesha mumewe. "Mimi nimelipwa jicho lile pale. Hayo ndiyo malipo niliyoyaona."

Bibi Shamba akakaa. Kiti kikayumba. "Hebu nielezeni kutoka mwanzo."

Wakamweleza: foleni, karani, kidole, gari la wagonjwa, mbolea iliyoganda. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, ulimpa mtu ufunguo wa nyumba yako, ukabaki nje unabisha hodi kwako."

"Karani aliona. Alikubali."

"Karani alikosea. Kanuni za mpango huu hazimruhusu mtu yeyote kuweka kidole kwa niaba ya mwingine. Hata mume kwa mke. Kidole kimoja kikikataa, karani anapaswa kujaribu vyote kumi. Vyote vikikataa, mkulima anasajiliwa kwa njia nyingine: kitambulisho chake, picha ya uso wake, na namba ya siri anayoijua yeye peke yake. Mtu hanyimwi haki yake kwa sababu amefanya kazi mpaka ngozi ikaisha."

"Hizo kanuni zilikuwa wapi siku ile?"

"Zimebandikwa ofisini."

"Ofisini wapi? Mimi nimefika ofisini, sijaziona."

Bibi Shamba akatazama viatu vyake. "Ndani. Nyuma ya mlango."

Redio akaangua kicheko, cha kwanza tangu siku ya jicho. "Nyuma ya mlango! Kwa hiyo zinasomeka ofisi ikifungwa!"

"Cheka," alisema Bibi Shamba. "Una haki ya kucheka. Nilipaswa kuja kuwasomea, sikuja. Sasa nisikilizeni. Mama, acha mawe. Ngozi ikipumzika, mistari hurudi kidogo kidogo. Osha mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Paka mafuta kila jioni. Kisha nenda ghalani. Dai kidole cha Mikono Laini kifutwe mbele ya macho yako, na chako kiingizwe. Usiondoke mpaka umeona taa ya kijani kwa kidole chako mwenyewe."

"Niache mawe? Na tutakula nini?"

"Mtakula kidogo. Sina jibu jingine, mama. Ningekuwa nalo ningekupa."

Wakala kidogo. Uji ukawa maji yenye rangi. Pacha wakaenda shule na njaa na kurudi na njaa. Jioni Redio alikaa karibu na mkewe, akampaka mafuta vidoleni, kimoja kimoja, kama mtu anayesafisha taa.

"Tangu tuoane hujanishika mkono muda mrefu hivi," alisema Mama Pacha.

"Tangu tuoane hujakaa chini muda mrefu hivi."

Jioni moja akausogeza mkono wa kushoto karibu na jicho lake. Akaugeuza kwenye mwanga.

"Mama watoto, hiki kina mistari."

"Kipi?"

"Hiki cha pete. Tazama."

Mama Pacha akatazama. Akakumbuka namna anavyoshika jiwe: kwa dole gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kidole cha pete huwa anakiinua juu, nyundo isikipige. Miaka yote kile kidole hakikugusa jiwe.

"Kumbe kilikuwa kinanitegea kazi," alisema.

"Kama mumeo," alisema Redio.

Siku ya kwenda ghalani, Bibi Shamba alituma ujumbe. Ametumwa upande mwingine, wasimsubiri. Wakaenda wawili.

"Mama, wewe umeshalipwa," alisema wakala.

"Najua. Aliyelipwa si mimi. Nataka kidole kile kitoke, changu kiingie."

"Hilo haliko hapa. Nenda makao makuu."

"Kidole kiliingia hapa. Kitatoka hapa."

"Mama, pisha wenzako."

Mama Pacha hakupisha. Alikaa chini mbele ya meza, miguu ameinyoosha, kama anavyokaa kwenye kokoto. Mumewe akakaa kando yake. Foleni ikasimama.

Ungetarajia watu waseme, "Mama huyu ana haki." Hawakusema. Walisema, "Toka, jua linatuunguza!" Walisema, "Mambo ya kwenu malizeni kwenu!" Mwanamke mmoja mfuaji nguo, ambaye Mama Pacha alimshika mgongo wakati wa kujifungua, alisema, "Ana kiburi huyu, tangu zamani." Na kidole chake mwenyewe mfuaji huyo kilikuwa cha Mikono Laini.

Mtu akakimbia kumwita mwenye duka. Akaja, anafuta jasho kwa leso safi.

"Mama Pacha, tumekosana nini? Mimi nilikuazima tu."

"Cha kuazima hurudishwa. Leo nakurudishia kidole chako."

"Lakini, mama, sisi ni majirani. Kidole kimoja hakivunji—"

"Nyamaza!" Redio alisimama. "Chawa mwenyewe ndiye anayetufundisha kuvunja chawa?"

Foleni ikacheka. Safari hii haikumcheka Mama Pacha. Mikono Laini akatabasamu, lakini leso ilikwama kwenye shavu.

Kisha mfyatua matofali akatoka mwisho wa foleni. Alikuja akakaa upande wa pili wa Mama Pacha, akamwonyesha wakala vidole vyake kumi vilivyoungua. Mmoja tu. Nilitamani nikuandikie kwamba wengi walimfuata. Hawakumfuata. Walibaki kwenye foleni, wanapepea nyuso zao.

Redio akakaa tena. Watu watatu wakiwa wamekaa chini, meza haifanyi kazi. Wakala akampigia mkubwa wake. Simu ilikuwa na sauti kubwa, tukasikia sote tuliokuwa ghalani siku ile.

"Nani alikuruhusu kuweka kidole cha mtu mwingine?"

"Mkuu, ni karani wa usajili, mimi nilikuta hivyo—"

"Futa! Futa kabla waandishi wa habari hawajafika. Na aliyechukua ya msimu huu airudishe hapo hapo, la sivyo napiga simu polisi."

Sikia vizuri. Hakusema, "Mama huyu ameonewa." Aliogopa waandishi. Sawa. Hofu yao inatutosha, tusiwadai mapenzi.

Wakala akafuta kidole cha Mikono Laini, Mama Pacha akitazama. Kisha ikawa zamu ya vidole vyake. Dole gumba, taa nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Mkono wote wa kulia, nyekundu. Mkono wa kushoto, nyekundu, nyekundu, nyekundu.

"Mama, nadhani—" alisema wakala.

"Bado viwili."

Akaweka kidole cha pete. Nyekundu. Redio akakichukua kidole kile, akakifuta kwa shati lake taratibu, akakirudisha kwenye mashine mwenyewe.

Kijani.

Mfyatua matofali hakupata taa hata moja. Vyote kumi vilikataa. "Basi picha na namba ya siri," alisema Mama Pacha. "Hiyo ndiyo kanuni." Wakala akaguna, akatoa kamera. Kumbe kamera ilikuwepo, ndani ya mtoto wa meza, tangu siku ya kwanza.

Mikono Laini alitoa fedha ya msimu ule mfukoni mwake, noti moja moja, kama mtu anayeng'olewa meno.

Wakapanda bondeni. Mvua ilinyesha siku chache baadaye. Mahindi yakasimama, yakawapita pacha kimo, yakampita baba yao. Msimu ule ghala la nyumbani lilijaa. Pacha wanakunywa uji mzito kabla ya shule, na wanagombania kitana kwa nguvu zaidi. Kiangazi Mama Pacha bado anaponda kokoto, maana umaskini haukufutwa kwenye mashine. Lakini kidole cha pete anakifunga kitambaa, na jioni anakipaka mafuta. Mumewe naye ametengeneza miwani ya kukinga macho kwa plastiki ya chupa. Wenzake walimcheka kwa wiki moja. Sasa wamevaa wote.

Hayo ndiyo mema. Nayasema kwa sababu ni kweli.

Mengine pia ni kweli. Jicho halikurudi. Redio anagonga bega kwenye fremu ya mlango kila akiingia nyumbani kwake. Fedha ya misimu iliyopita haijalipwa. Mama Pacha akiuliza, anaambiwa uchunguzi unaendelea. Bibi Shamba amehamishwa. Mikono Laini hakushtakiwa. Duka lake liko wazi, na gari lake bado linabeba wagonjwa.

Na wale wa kwenye foleni? Walimaliza kupepea nyuso, wakarudi makwao, na vidole vya watu wengine vimo ndani ya majina yao. Juzi trekta jipya la Mikono Laini lilikuwa linalima shamba la mfuaji nguo, yule aliyesema "kiburi". Mwenyewe alisimama ukingoni na watoto wake, anatazama. "Msimu mmoja tu," aliniambia. Niliuona uso wake. Anajua.

Sasa ni zamu yako. Usiniambie hujui pa kuanzia, nimekwisha kukuambia.

Unamjua mtu ambaye mashine ilimkataa. Ni jirani yako, au shangazi yako, au mama aliyekuzaa. Funga kitabu hiki, nenda kwake leo. Tazama vidole vyake, vyote kumi, kwenye mwanga. Muulize ni kidole cha nani kinachopokea fedha yake. Kikiwa si chake, mwambie aache mawe, aoshe, apake mafuta, na wewe umsaidie chakula siku hizo, kwa sababu njaa ndiyo itakayomrudisha kazini. Uliza ofisi ya kwenu kanuni zinasemaje, na wakikwambia zimebandikwa, waambie wakuonyeshe. Kisha mpeleke mezani. Usimwache peke yake. Kaa naye chini, mbele ya mashine, mpaka jina lake litoke kwenye mkono wa mtu mwingine.

Watakutukana walio nyuma. Kaa. Watakuita mchochezi. Kaa. Mvua ikianza, mashamba yatakuwa yamekwisha kwenda, na trekta linalala barabarani kwenu usiku wa leo.

Inuka.